Picha Iliyocheka

Watoto walimwita Bibi Tulia, na hata wakubwa wa hospitali walikuwa wameshasahau jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kuwalaza watoto ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, na kuwatoa humo bila machozi. Hakuwa daktari, wala hakuwahi kujidai daktari. Wako watu ambao wakivaa koti jeupe tu huanza kujisahau. Yeye hakuwa wa namna hiyo. Nje ya mlango wake aliweka bakuli la plastiki lililojaa vibanio vya nywele, hereni na funguo, vitu vya chuma alivyowavua akina mama kabla ya kuwaruhusu kuikaribia sumaku, na nusu ya vitu hivyo wenyewe walikuwa wamevisahau kwa furaha ya kumaliza salama.

Mashine yenyewe haikuwa na huruma. Tundu lake jembamba, sauti yake kama mafundi bati watatu waliogombana. Mtoto alitakiwa alale chali, kichwa kimewekwa ndani ya kizimba cha plastiki, asitikise hata kidevu kwa robo saa nzima. Kwingine mtoto huchomwa sindano ya usingizi, mambo yakaisha. Lakini sindano ya usingizi inataka tumbo tupu, na watoto wengi waliofika kwa Bibi Tulia hawakuweza kukaa na njaa. Walikuwa wamezaliwa na miili isiyojua kuvunja sehemu fulani ya chakula. Kisichovunjwa hubaki kwenye damu, kikapanda hadi ubongoni, kikaanza kula taratibu kama mchwa alaye mlango: kwa nje rangi bado inang'aa, kwa ndani pameshaliwa. Picha ya ubongo inaweza kumwona mchwa huyo mapema, mtoto akiwa bado anakimbia na kucheza. Ndiyo maana picha hizo hazikuwa mapambo.

Basi Bibi Tulia alibuni njia yake mwenyewe. Aliijua mashine kama mpishi anavyolijua jiko lake: mzunguko wa kwanza hugonga dakika tatu, wa pili dakika tano, wa mwisho, ule mrefu unaoonyesha vizuri madoa ya ubongo, dakika sita. Kwa kila mzunguko alikuwa na hadithi iliyokatwa kwa kipimo chake, naye aliisimulia kwa kipaza sauti akiwa nyuma ya kioo. Kanuni ilikuwa moja. Mashine ikigonga, hadithi iwe ya kutega sikio. Penye kuchekesha pangoje mashine inyamaze.

"Kicheko ni chakula cha baada ya kazi," aliwaambia wanafunzi waliokuja kujifunza kwake. "Ukimchekesha mtoto kabla ya wakati, umepiga picha ya mtetemeko wa ardhi."

Miongoni mwa watoto wake wote, aliyempenda kupita kiasi alikuwa msichana mmoja aliyeitwa Chiriku. Jina lilimkaa kama ngozi. Hadi umri wa miaka miwili na nusu alikuwa hajatamka neno, akilegea tu kama mgomba uliokosa maji. Ndipo daktari wa watoto alipopima damu yake na kugundua kwamba nyama, mayai, maziwa na maharagwe, vyakula vinavyojenga watoto wenzake, kwake vilikuwa sumu. Akawekewa maziwa ya dawa na chakula cha kupimwa kwa mizani. Baada ya miezi michache maneno yakafumuka, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuyazuia. Mama yake, mshona sare za shule, alikuwa na mizani mbili nyumbani: ya jikoni, na ya machoni. Hakuna tonge lililompita.

"Shikamoo Bibi!" Chiriku alisema siku alipoletwa kupigwa picha yake ya kwanza, akiwa na miaka mitano.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na mdomo au umeuacha nyumbani?"

"Nimekuja nao, lakini nimeufunga zipu."

"Zipu ni chuma. Humu hairuhusiwi."

"Basi nimeufunga kifungo!"

Ungemlaumu vipi mtu kwa kumpenda mtoto wa namna hiyo? Lakini mapenzi nayo yana adabu yake, na siku hiyo Bibi Tulia aliivunja.

Wiki hiyo fundi wa mashine alikuwa amekuja kuirekebisha, na mzunguko wa mwisho ukaongezwa dakika moja. Bibi Tulia aliambiwa. Aliandika hata kikaratasi na kukibandika kwenye kioo. Lakini mdomo uliozoea njia hauulizi kibao. Alimsimulia Chiriku habari za kiboko aliyekwenda kwa kinyozi, akapanga foleni tangu asubuhi, akagombana na swala kuhusu zamu, hatimaye akaketi kwenye kiti, kiti kikalia. Kwa kipimo cha zamani mashine ilipaswa kunyamaza hapo hapo. Kinyozi akamzunguka kiboko mara mbili, akamtazama juu mpaka chini, akauliza, "Sasa mzee, nikunyoe nini?"

Mashine ilikuwa bado inagonga. Kutoka ndani ya tundu kikasikika kicheko, kile cha mtoto anayejaribu kukibana kikamtokea puani.

Kwenye kompyuta, ubongo wa Chiriku ulionekana umevutika kwa nyuma kama picha ya mtu aliyepita mbio. Palitakiwa jambo moja tu: kurudia. Bibi Tulia akaingia ndani, akakivuta kitanda, na kabla hajafungua kinywa, mtoto akamwuliza, macho yakimng'aa, "Bibi, nilitulia?"

"Ulitulia kama jiwe, mwanangu."

Neno lilimtoka kabla halijapita kwenye akili. Na likishatoka, kumrudisha mtoto ndani kungekuwa sawa na kumwambia, nimekudanganya. Chiriku alikuwa amechoka, mama yake mlangoni alikuwa ameanza kuvaa viatu, na nje walikuwa wanasubiri watoto wawili. Bibi Tulia akauacha mzunguko ule wa mwisho, akatuma mingine, na kwenye fomu, pale panapoulizwa ubora wa picha, akatia tiki kwenye neno Safi.

Tiki moja. Wengi wetu tumeharibu makubwa kwa kidogo kuliko hicho. Daktari wa kusoma picha alikuwa mji mwingine, akisoma picha za hospitali nne kwa siku. Akaiona ile tiki, akaiamini, akaandika: ubongo safi, hakuna doa.

Mwaka ukapita. Chiriku akafika miaka sita, akaanza shule, akarudi kwenye mashine. Safari hii alitulia kwelikweli na kila mzunguko ukaenda sawa. Na picha ilipotokea, nyuma ya ubongo palionekana weupe usiopaswa kuwapo, doa dogo la ukubwa wa punje ya mahindi.

Daktari wa watoto alikuwa mtu mwadilifu, mwenye maneno machache. Aliita familia chumbani kwake, akamwomba Bibi Tulia alete ripoti za picha za miaka yote miwili aziweke ubavu kwa ubavu. Mama Chiriku alikuja na mama mkwe wake, kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa kazini mbali, na neno la mama yake kwake lilikuwa sheria.

"Mwaka jana safi," daktari alisema, akigusa karatasi ya kwanza. Akagusa ya pili. "Mwaka huu doa. Mama, hapa katikati pameingia nini?"

"Hapajaingia kitu, daktari. Si unaona damu yake? Kila mwezi mnasema nzuri."

"Damu inaweza kudanganywa kwa siku tatu za adabu kabla ya kipimo. Nimewaona wengi. Ubongo haudanganyiki."

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyesubiri zamu yake. "Mimi nilisema. Huyu ana huruma ya kuua. Mtoto akililia yai, roho inamuuma, anampa."

"Mama, haki ya Mungu sijawahi kumpa yai!"

"Basi hilo doa limeletwa na upepo?"

Daktari akainua mkono, wakanyamaza. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mzito. Kama chakula kinavuja nyumbani, alisema, doa litakua, na likikua mtoto atapoteza alichokipata: maneno, masomo, pengine hata miguu. Hawezi kukaa akitazama. Kwa miezi sita Chiriku atalelewa kwa bibi yake, chakula kipimwe huko, mama awe anamtembelea siku za Jumapili. Ijumaa ahamishwe.

"Nitamchukua mimi," mama mkwe alisema. "Kwangu mayai yatafungiwa kabatini."

Mama Chiriku hakupiga kelele. Alilia kimya, machozi yakidondokea mikono yake yenye alama za sindano ya cherehani. Alimtazama daktari, akamtazama mkwewe, mwisho akamtazama Bibi Tulia, kama mtu anayetafuta hata mmoja wa kusema neno.

Bibi Tulia alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alijua. Tangu daktari alipotamka "mwaka jana safi" alijua. Akatazama chini, akakusanya karatasi zake, akatoka.

Sitamtetea. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na aliyekuwa anaumbuliwa ni mwingine.

Jioni ile, mezani, mume wake alionja mchuzi, akaweka kijiko. Alikuwa fundi saa, mzee wa maneno ya taratibu na utani wa chinichini.

"Mke wangu, leo umetia chumvi mara mbili. Ama umependa upya, ama una jambo."

"Kula tu."

"Nikila nitahitaji kisima."

Hapo ndipo alipomsimulia yote: kiboko, kinyozi, tiki, machozi ya yule mama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unaogopa nini?"

"Miaka kumi na tisa sijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Hata moja. Vijana wote pale nimewafundisha mimi. Nitawaambia nini?"

"Utawaambia ulivyokosea, wajifunze na hilo." Akausogeza mchuzi pembeni. "Mteja akiniletea saa inayochelewa, nikamwambia imepona na mimi najua haijapona, akachelewa safari, nani amemchelewesha? Saa?"

"Usinihubirie, baba watoto."

"Sihubiri. Nakuuliza. Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Basi una kesho tu," mzee alisema, akaenda kujitafutia mkate.

Alhamisi asubuhi, daktari alipofika, alimkuta Bibi Tulia amesimama mlangoni kwake. Hakutaka kukaa.

"Daktari, mwaka jana hatukuwa na picha ya nyuma ya ubongo wa Chiriku."

"Ripoti inasema safi."

"Ripoti ilisema nilichoiambia iseme. Ule mzunguko mrefu uliharibika, sikuutuma. Nikatia tiki."

Daktari alivua miwani. "Uliharibika kwa nini?"

"Mtoto alicheka. Nilimchekesha mimi."

"Ukashindwa kurudia?"

"Nilikuwa nimeshamwambia ametulia."

Daktari akaonyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Jana ulikuwa umekaa pale."

"Nilikuwa."

"Na ulinisikia nikimnyang'anya yule mama mtoto wake."

"Nilikusikia."

"Basi na hilo utaliandika. Si tiki peke yake." "Mimi nilidhani napima kwa mizani yenye sahani mbili. Kumbe moja haikuwapo."

Akawaita tena wote mchana ule, na akamtaka Bibi Tulia aseme mwenyewe. Akasema, amesimama, mbele ya mama mkwe, bila kupamba na bila kujililia. Kwamba hakuna ajuaye mwaka jana palikuwa na nini nyuma ya ubongo wa mtoto yule. Kwamba lile doa pengine lilikuwapo tangu zamani, tangu miaka ile miwili na nusu kabla ugonjwa haujajulikana. Kwamba mama wa mtoto alihukumiwa kwa picha ambayo haikuwahi kuwepo, na aliyeifanya ionekane ipo ni yeye.

Mama Chiriku alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo jana ulinitazama nikilia?"

"Nilikutazama, mama."

"Ukaondoka?"

"Nikaondoka."

Mama mkwe akajifunika vizuri mtandio ambao haukuwa umefunuka.

Daktari akafuta uamuzi wake pale pale. "Sisemi kwamba huna kosa, mama," alisema. "Nasema sijui, na kwa jambo nisilolijua sitamtoa mtoto kwa mama yake. Chiriku abaki nyumbani. Muuguzi atakuja kumpima damu bila kukupa taarifa, siku yoyote. Baada ya miezi mitatu tutapiga picha ile ile. Doa likikua, chakula kinavuja. Lisipokua, ni kovu la zamani."

"Muuguzi na aje hata nikiwa naoga," Mama Chiriku alisema.

Bibi Tulia aliandikiwa barua. Ilisomwa kwenye kikao cha idara, vijana aliowafundisha wakitazama viatu vyao, na kwa miezi ile mitatu kila picha yake ilikaguliwa na mtu mwingine kabla ya kutumwa. Hakununa. Aliyemkagua zaidi alikuwa binti aliyemfundisha mwenyewe miaka minne nyuma, naye kila asubuhi alianza kwa "Samahani Bibi," mpaka Bibi Tulia akachoka, akamwambia, "Ukiomba samahani mara moja zaidi na wewe nitakutia kwenye mashine. Kagua kazi!"

Muuguzi alikwenda kwa Mama Chiriku mara saba. Mara moja alimkuta kwenye cherehani, mdomo umejaa pini. Mama akanyoosha kidole tu kuelekea jikoni, mizani ilipo. Mara zote saba damu ilikuwa nzuri.

Miezi mitatu ikatimia. Yule binti alijitolea kupiga picha hiyo, ili pasiwe na maneno. Chiriku akagoma mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu hana hadithi."

"Lakini mimi nazijua zote," binti alisema.

"Unazijua, ila huna sauti ya kiboko."

Mama yake akamtazama mtoto, akamtazama Bibi Tulia kwa mbali. Hatimaye akasema, bila kutabasamu, "Mwache aingie naye. Wewe kagua."

Ndani, kabla ya kumfunga kizimba cha kichwa, Bibi Tulia aliinama karibu na sikio la mtoto. Alikuwa ameliandaa neno hili siku nyingi.

"Chiriku, mwaka jana uliniuliza kama ulitulia, nikakwambia ndiyo. Nilikudanganya, mwanangu. Ulicheka."

"Najua."

"Unajua?"

"Bibi! Si mimi ndiye niliyecheka?"

Bibi Tulia alibaki ameinama. "Sasa mbona hukusema?"

"Wewe mkubwa. Uliposema nimetulia, nikadhani kucheka kidogo kunaruhusiwa."

Mtu aweza kusomewa barua ya onyo mbele ya idara nzima na asiumie kama alivyoumia yeye hapo. Alikuwa amedhani anamfichia mtoto aibu. Kumbe alimfundisha kwamba mkubwa akisema, uongo hugeuka ukweli. Akamshika mkono.

"Hakuruhusiwi," alisema. "Na leo ukitikisika nitakwambia, na tutarudia."

"Hata nikichoka?"

"Hata ukichoka."

Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika ule mrefu, dakika ya tano, Chiriku akapiga chafya. Nyuma ya kioo, mama wa mtoto akitazama kutoka mlangoni, binti alimgeukia Bibi Tulia. Naye alikuwa ameshabonyeza kipaza sauti.

"Umetikisika, mjukuu wangu. Tunaanza upya."

"Ilikuwa chafya! Siyo mimi!"

"Basi iambie chafya yako tunaanza upya."

"Bibi, siku hizi umekuwa mkali."

"Nimekuwa. Tulia."

Dakika saba zikagonga mwanzo hadi mwisho, na picha ikatoka safi, kila mkunjo wa ubongo umekaa mahali pake. Binti akaikagua mara mbili, akaitia sahihi bila kuomba samahani.

Daktari alipima doa kwa vipimo vya kompyuta, akarudia, kisha akawaita ndani. "Halijakua hata unywele," alisema. "Ni kovu la kabla ya matibabu. Mama, nilikukosea. Chakula chako hakijavuja tone."

Mama Chiriku akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, umesikia, au asome tena?"

"Nimesikia," mama mkwe alijibu. Akaangalia ukutani, akaangalia dari, mwisho akatoa simu mkobani. "Daktari, asome tena. Ngoja nimpigie mwanangu asikie kwa masikio yake. Maneno ya kwanza alisikia kwangu."

Daktari akasoma tena, polepole, kwenye simu.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Chiriku alimtanguliza mtoto na bibi yake, akarudi peke yake hadi chumba cha sumaku. Bibi Tulia alikuwa anapanga mito ya mtoto anayefuata.

"Sijakusamehe bado," Mama Chiriku alisema.

"Sikuombi uharakishe, mama."

"Picha ya mwakani umeipanga lini?"

"Mwezi kama huu. Lakini ukitaka, yule binti ni hodari, atakupigia yeye."

Mama Chiriku akatikisa kichwa. "Binti sijui atafanya nini mtoto akipiga chafya. Wewe najua utarudia. Niandikie kwako."

Bibi Tulia akaacha mito, akachukua kalamu, akaandika.